Siku za Ofu

Mwanasaumu alisimama mchangani, leso ameifunga kifuani, macho hayabanduki kwenye kofia ya rangi ya chungwa iliyokuwa ikielea mbali kule majini. Kofia ikizama, pumzi zake nazo zinazama. Kofia ikiibuka anasema "Alhamdulillahi," kisha anaanza tena. Chini ya kofia ile kulikuwa na kichwa cha mwanawe Jalila, na Jalila ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani kwao Mtongwe. Kaka zake wawili wameoa. Mmoja yuko Kinango, mwingine simu yake haishikiki.

"Mathe, tulia," alisema Matthew, kocha, aliyekuwa amesimama kando na saa mkononi. "Huyu ni samaki."

"Mathe ndiye nani? Mimi ni Mama Jalila."

"Pole, Mama Jalila. Nasema huyu ni samaki."

"Samaki nao hufa baharini, mwanangu. Hao unaowaona sokoni wamekufa wapi?"

Matthew akacheka. Alikuwa kijana wa kutoka bara, akifundisha wageni kuogelea kwenye hoteli, na saa zake za bure alikuwa akifundisha vijana wachache wa Likoni bila ya kuwadai kitu. Alikuwa akiwatayarisha kwa mashindano ya mwezi wa nane: kuogelea karibu kilomita mbili, kupanda baiskeli kilomita tisini, halafu kukimbia kilomita ishirini na moja, yote siku moja, bila ya kukaa chini. Jina la Kizungu la mashindano hayo liliwashinda watu wa mtaani, wakaamua kuyaita tatu kwa moja, kama zile pakiti za kahawa. Jalila hajapata kushiriki mashindano marefu namna hiyo. Kocha alisema anayemaliza vizuri huonekana, na anayeonekana hutafutiwa timu, na timu ina mshahara.

Jalila alitoka majini anatetemeka, na jua la kaskazi lilikuwa tayari linachoma. Amevaa nguo aliyoshonewa na mama yake, mikono mirefu, suruali mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kitambaa cha kufunika shingo. Vijana waliokuwa wakivua kwa ndoana kwenye mawe wakapiga kelele: "Ninja wa majini huyooo!"

"Ninja ni mama yenu!" Mwanasaumu akawarudishia, kisha akamfunika mtoto leso yake mwenyewe. "Umekunywa maji ya chumvi?"

"Kidogo, mama."

"Sikilizeni," Matthew alisema, na akachuchumaa kama mtu anayetaka kusikizwa na watoto. "Sasa tuko kwa ofu-sizni. Hakuna mashindano mpaka masika yapite. Huu ndio wakati wa kujenga mwili, pole pole lakini bila kukosa. Isipokuwa Jumatatu na Ijumaa. Hizo ni ofu kabisa. Hakuna kuogelea, hakuna baiskeli, hakuna mbio. Akae nyumbani."

"Akae nyumbani?" Mwanasaumu aliuliza, uso umemchanua.

"Akae nyumbani. Na hizo siku za ofu ndizo zinajenga mwili kushinda hizi zingine. Msizichukulie mchezo."

"Mimi nizichukulie mchezo? Wallahi hizo ndizo siku nitakazotia kitu tumboni kikashuka."

Hapo ndipo palipoharibika, na hakuna hata mmoja aliyepaona. Matthew alikuwa akikaa peke yake kwenye chumba cha kupanga huko Changamwe, na kwake yeye kukaa nyumbani ni kulala kitandani miguu ameiegemeza ukutani. Mwanasaumu amezaliwa Likoni, na Likoni mtoto wa kike aliyekaa nyumbani ndiye mwenye kazi. Tena neno lenyewe la ofu alilijua vizuri. Mumewe Bakari alipokuwa kibarua kwenye maghala, ofu ilikuwa siku ambayo tajiri hana haki na mwili wako. Siku hiyo ndiyo unayoezeka paa lako, unachimba choo chako, unapasua kuni zako. Hata siku moja hakusikia mtu akisema ofu ni kulala.

* * *

Bakari sasa alikuwa akiuza maji. Mifereji ya Mtongwe hutoa hewa siku nyingi kuliko maji, na yeye alikuwa na mkokoteni wake, akijaza mitungi kisimani na kuisukuma kupanda mlima mpaka milangoni kwa watu. Mwezi ule wa kaskazi mkokoteni uliteleza pale penye kona ya msikiti, gurudumu likampanda mguu. Mguu ukatiwa plasta. Bakari akawa anakaa barazani, mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu mkononi, wateja wanampigia na yeye anaapa kuwa maji yako njiani.

"Bakari, maji yapo njia ya wapi? Ya Mombasa au ya Makka?" Mastura, jirani wa nyumba ya pili, alimwuliza kwa kelele kutoka dirishani kwake.

"Yanakuja, bibi. Subira."

"Subira siogei nayo."

Mwanasaumu alijaribu kuusukuma yeye. Alifika nusu ya mlima, mkokoteni ukamrudisha nyuma, na watu wakamwokoa wakicheka. Walipata kijana wa kulipwa, naye akauza maji siku mbili na pesa zote akazila. Wateja wawili wakahamia kwa muuzaji mwingine. Jioni ile walikula wali mkavu na chumvi, kila mtu akiangalia sahani yake.

Jumatatu asubuhi Jalila alikuwa bado amelala. Mwanasaumu alisimama uani, akautazama mkokoteni, akautazama mlango wa chumba.

"Jalila!"

"Abee, mama."

Alilelewa hivyo. Jina lake likiitwa, abee inatoka kabla hajafikiri, na abee ikishatoka mwili unainuka wenyewe. Watu waliokuwa wakipita pale nyumbani walikuwa wakimsifu Mwanasaumu kwa abee ile. Watoto wa siku hizi ukiwaita wanakujibu "nini?"

"Leo uko ofu, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Kocha alisema..."

"Najua, nimemsikia kwa masikio yangu. Basi mamangu, msaidie baba yako safari moja tu. Hao watu wakituhama wote tutakula mawe."

Jalila aliutazama mkokoteni. Aliufahamu uzito wake tangu alipokuwa akiusukuma kwa nyuma kwa mchezo, utotoni. "Kocha alisema nipumzishe miguu."

Bakari alicheka kutoka barazani, si kwa ubaya. "Miguu? Mkokoteni unasukumwa kwa mikono! Tena haya si mazoezi? Wenzako wanalipa pesa kuingia jimu, wananyanyua vyuma visivyonyweka. Wewe jimu yako ina maji ndani."

Hata Jalila mwenyewe alicheka. Alijifunga leso kiunoni, akaenda kisimani. Safari moja ikawa tatu. Kwenye kona ya msikiti wanaume waliokaa pale walimtazama mtoto wa kike amepinda mgongo nyuma ya mitungi, jasho linamdondoka kwenye ncha ya pua, wakatafuta pengine pa kuangalia. Hakuna aliyesimama. Mastura alipopokea maji yake alishika kiuno.

"Mwanasaumu, huyu mtoto utamwoza nani? Mwanamume gani atataka mke mwenye mabega ya hamali?"

"Atakayetaka kuoga," Mwanasaumu akamjibu, na mtaa mzima ukacheka.

Siku ile Mwanasaumu alipika akiimba. Mtoto yuko mbele ya macho yake, hayumo baharini, hayuko barabarani. Kila akichungulia anamwona akipita na mkokoteni. Usiku alilala moja kwa moja mpaka adhana ya alfajiri. Kwa hiyo Ijumaa ilipofika, na Ijumaa watu hutaka maji mengi kwa sababu ya kuoga kwenda msikitini, hapakuwa na haja ya kuuliza. Aliita tu.

* * *

Alichokuwa akikiogopa Mwanasaumu ni bahari na malori. Matthew alikuwa akiwapeleka vijana wake kupanda baiskeli kwenye ile barabara mpya ya Dongo Kundu, kwa kuwa lami yake ni pana na haina matuta. Lakini malori ya makontena nayo yaliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Siku moja Mwanasaumu hakuweza kuvumilia, akamwita Kai wa bodaboda.

"Mfuate yule mtoto mwenye baiskeli nyekundu. Usimpite, usimwache."

"Mpaka wapi, mama?"

"Mpaka atakaporudi."

Kai aliendesha pole pole nyuma ya baiskeli, na Mwanasaumu nyuma ya Kai, buibui limejaa upepo, analipungia mkono kila lori lililotaka kupita: "Kaa mbali! Kaa mbali na mwanangu!" Madereva walimpigia honi wakicheka. Jalila aligeuka akamwona mama yake, aibu ikamshika, akaongeza mwendo ili amwache. Walipofika kwenye daraja la kwanza Kai alisema mafuta yatakwisha. Walirudi. Mwanasaumu alikaa njia panda ya Mtongwe juani mpaka mtoto aliporejea, akamkagua mikono na miguu kama mtu anayekagua embe sokoni. Hakuna palipochubuka. Aliridhika.

Macho yake hayakukaa pale palipotakiwa kukaa. Hakuona kuwa Jalila amekonda mashavu. Aliona, lakini alisema ni jua. Mtoto alianza kusinzia na tonge mkononi. Akikaa, akitaka kuinuka hushika ukuta. Siku zake za mwezi zilikatika, na Mwanasaumu alipogundua alimwuliza kwa ukali maswali ambayo hayakuwa na maana, Jalila akalia, wakamaliza hapo.

Matthew yeye aliona saa yake. Kila wiki Jalila alipaswa kuwa mwepesi zaidi, na kila wiki alikuwa mzito. Alimsimamisha ufukweni.

"Jalila, niambie ukweli. Siku za ofu unafanya nini?"

"Nakaa nyumbani, kocha."

"Kabisa?"

"Kabisa. Waulize hata majirani."

Wala hakusema uongo. Angeweza kusema yote, lakini mtoto wa watu hatoi siri za nyumbani kwao nje. Aseme nini? Kuwa baba yake anakula kwa mgongo wake? Kocha angekuja pale na maneno yake ya bara, angesema mbele ya majirani, na Bakari angeinamisha kichwa juu ya plasta yake. Mara kadhaa Jalila aliazimia amwambie mama yake peke yake, jikoni, kwa upole: mama, mimi nimechoka. Alikuwa akiyapanga maneno kitandani. Asubuhi mama anaita, na mdomo umeshajibu.

* * *

Binti yake Mastura aliolewa siku ya Ijumaa. Palipikwa pilau la masufuria makubwa, na pilau linataka maji, na wanaokula pilau wanataka kunawa, na vyombo vinataka kuoshwa. Mastura aliagiza maji yote kwa Bakari. Ilikuwa heshima kubwa, maana muuzaji yule mwingine alikuwa amekuja kujipendekeza.

"Leo ndiyo leo," Bakari alisema. "Tukiwatosheleza hawa, wateja wote watarudi."

Jua la siku ile lilikuwa la kuungua. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Jalila alianza baada ya alfajiri, akapanda na kushuka mlima mpaka vivuli vikarefuka upande wa pili. Wanawake walioketi wakichambua mchele walimpigia vigelegele kila alipoingia na mkokoteni: "Bibi harusi wa pili huyo! Bwana wako yuko wapi? Ni huo mkokoteni?" Alicheka nao. Alibeba maji ya kuwatosha watu mia na hakukumbuka kunywa, na hapana aliyemwambia kunywa. Sahani yake ya pilau aliiweka, ikapoa.

Jioni alikaa chini uani akashindwa kuinuka. Mapaja yamevimba, magumu kama magogo. Mwanasaumu alimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thomu, na mtoto akiguswa analia.

"Pole mamangu. Pole. Ndiyo kazi ya harusi."

Akaenda duka la dawa, akaeleza maumivu ya misuli, akapewa vidonge vya maumivu, vile vikali. Akampa. Kabla ya kulala akampa tena, kwa sababu vya kwanza vilimletea nafuu na mtoto akatabasamu.

"Kesho usiende," alimwambia.

"Kesho ni ile safari ndefu, mama. Baiskeli halafu mbio. Nikikosa kesho nimekosa wiki nzima."

"Kwani huo mchezo ni faradhi?"

Jalila aliutazama ukuta. "Nikiwa barabarani hakuna anayeniita," alisema, kwa sauti ndogo.

Mwanasaumu alisikia. Alidhani mtoto anasema kuwa hataki apigiwe simu akiwa njiani, akamwambia vyema, hatampigia.

Jumamosi Jalila alikunywa vidonge viwili zaidi, akaenda. Alipomaliza baiskeli Matthew aliuona uso wake umekuwa na rangi ya jivu, akamwambia leo mbio basi. "Kidogo tu, kocha," alisema, na kabla hajazuiwa ameshaanza. Alikimbia akiyumba pembeni mwa barabara, na kama mtu angemwona kwa mbali angedhani anacheza. Kisha alitapika. Matthew akampeleka nyumbani kwa bodaboda, akasema apumzike, anywe maji mengi. "Jumatatu ni ofu," akaongeza. "Wacha akae nyumbani."

Jumapili Jalila alikojoa mkojo wa rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa iliyolala kwenye birika. Alimwita mama yake chooni amwonyeshe, na aibu ikamfunika uso wote.

"Ni jua," Mwanasaumu alisema. Akamwuliza Mastura kupitia ukutani.

"Ni mchango huo, ule ugonjwa wa tumbo la chini," Mastura alisema. "Wasichana hupata. Na huyo anakaa na nguo mbichi za baharini, unategemea nini? Nitakuletea mizizi."

Mizizi ikaletwa, ikachemshwa. Maumivu yalipozidi, Mwanasaumu akatoa vile vidonge, akampa vilivyobaki. Kwenda hospitali walisema waende kesho kutwa, kwa sababu kesho kuna mteja mkubwa wa maji, na pesa za hospitali ndizo hizo hizo zinazotoka kwenye maji.

Nyinyi wenye watoto, mkojo wa rangi ile si wa kusubiri kesho kutwa.

* * *

Jumatatu Mwanasaumu hakukusudia kumwita. Alikuwa ameshamwambia Bakari kuwa mtoto leo hasukumi, atafute kijana wa kulipwa. Alikuwa akitafuta kibiriti, na mazoea yakamtoka mdomoni.

"Jalila!"

"Abee."

Akakumbuka mahali alipokiweka, akakichukua, akarudi jikoni kuwasha jiko. Moto ulikuwa haushiki. Akawa anapepea, anapepea, moshi unamwingia machoni. Alipotoka nje mkokoteni haukuwepo.

Jalila aliufikisha mpaka kwenye kona ya msikiti. Hapo magoti yalijikunja, akashuka chini taratibu kama mtu anayesujudu, na mkokoteni ukarudi nyuma, ukapinduka. Mitungi ilibiringika kwenye mlima, mingine ikapasuka. Watu walikimbia. Kwanza walikimbilia mitungi. Maji ni maji. Mwanamke mmoja alikuwa amekinga ndoo yake chini ya mtungi uliokuwa ukimwagika, ndipo akauona mguu wa Jalila nyuma ya gurudumu, na kiatu kimetoka.

* * *

Hospitali walivuka feri kuifuata. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka, macho yamechoka. Aliichukua damu ya Jalila, akaitazama karatasi, akawaita wazazi pembeni. Bakari alikuja kwa magongo.

"Huyu mtoto alifanya kazi gani siku hizi?"

"Hakufanya kitu, daktari," Mwanasaumu alisema. "Jana na leo alikuwa nyumbani. Jumamosi tu alikwenda kwenye mchezo wake."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa alikuwa ofu."

"Ofu alikuwa akifanya nini?"

Mwanasaumu alimtazama mumewe. Bakari alikuwa akiitazama plasta yake, ile ncha yake iliyochakaa, chafu, na vidole vinavyochungulia.

"Alikuwa akimsaidia baba yake," alisema. "Kusukuma maji."

"Mengi?"

"Ilikuwa harusi."

Daktari aliwaeleza kwa maneno ya kawaida. Nyama za mwili zikifanyishwa kazi kupita kiasi, kwenye joto, bila maji na bila kupumzika, huvunjika. Uchafu wake huingia kwenye damu, ukafika kwenye figo ukaziba. Ndiyo ile rangi ya mkojo. Na vidonge vya maumivu, kwa mtu aliyekauka namna ile, ndivyo vilivyomalizia. Vilimpunguzia maumivu, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimwambia asimame.

"Figo zimelala," alisema. "Tutamtia kwenye mashine imsafishe damu. Huenda zikaamka. Huenda zisiamke. Kama mngemleta Jumamosi, tungekuwa na maneno mengine."

Matthew alifika mbio, bado amevaa kaptura, mchanga kwenye miguu. Askari wa mlangoni alitaka kumzuia. Alimkuta Mwanasaumu kwenye benchi.

"Mama Jalila, nini imefanyika? Leo si ni ofu?"

"Ilikuwa ofu."

"Sasa?"

Akamwambia. Alimwambia yote, mkokoteni, mlima, harusi, bila ya kujitetea, kwa sauti moja. Matthew akakaa chini sakafuni.

"Mama, ofu ni kulala," alisema. "Ni kulala tu. Nilisema akae nyumbani."

"Si alikaa?"

"Nilidhani... Mimi nikisema nyumbani..." Alijishika kichwa. "Nilimwuliza. Akaniambia anakaa nyumbani. Kwa nini sikuja hata siku moja ya ofu nikaona? Feri tu. Ni kuvuka feri tu."

"Ungekuja ungetukuta tunacheka," Mwanasaumu alisema. "Tulikuwa tunacheka sana siku hizo."

Ndani, Jalila alikuwa amelazwa, mpira wa mashine umetiwa shingoni. Mwanasaumu alimshika mkono. Uso umevimba mpaka macho yamebaki mistari.

"Mama, mitungi mingapi imepasuka?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Baba amekasirika?"

Bakari alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuza magongo yake, akatoka kwenye ujia, na wauguzi waliopita walimwona mzee mzima ameegemea ukuta, mabega yanamtikisika.

* * *

Mwezi wa nane, upepo wa kusi ukivuma na bahari imepoa, watu wa tatu kwa moja walipita Dongo Kundu na baiskeli zao. Mtaa mzima ulikwenda kuwatazama. Mastura alirudi akisema wanawake walikuwa wachache, na yule aliyemaliza wa kwanza hakuwa na mabega hata ya kufikia ya Jalila. Alisema kwa nia njema.

Jalila alikuwa ndani. Figo ziliamka kidogo, zikaishia hapo. Bado anavuka feri kwenda kwenye mashine, na akirudi hulala mchana kutwa. Hapaswi kunywa maji zaidi ya kikombe alichopimiwa. Nyumba ile imejaa mitungi na yeye analamba midomo. Bakari amerudi kusukuma, plasta imetoka lakini mguu umepinda, na mlima anaupanda kwa kusimama kila hatua chache. Wanaume wa kona ya msikiti sasa huinuka wakamsukumia. Naye huwashukuru, hawatazami usoni.

Jioni ile ya mashindano Mwanasaumu alikuwa akikuna nazi. Tui lilitaka maji, na ndoo ilikuwa mbali kidogo. Mikono imejaa machicha, akili haipo.

"Jalila!"

"Abee, mama."

Kitanda kikalia. Akazisikia ndara zikitafutwa sakafuni kwa vidole, moja, halafu ya pili. Akausikia mkono ukipapasa ukuta. Jalila akatokea mlangoni, ameshika mlango kwa mikono yote miwili, anahema, leso ameshaifunga kiunoni tayari.

Mwanasaumu aliinuka, mbuzi ya kukunia ikaanguka.

"Sikukuita, mamangu."

"Nimesikia jina langu."

"La. Sikukuita. Rudi ukalale."

Jalila akaitazama ndoo. Akageuka, akarudi kwa kushika ukuta ule ule. Mwanasaumu alingoja mpaka kitanda kilipolia tena, ndipo akaenda kuteka maji mwenyewe.

Tangu siku hiyo jina lile haliitwi katika nyumba ile. Chakula kikiwa tayari, dawa ikifika saa yake, hata mgeni akija, Mwanasaumu hufuta mikono yake, huvua ndara zisipige kelele, akaenda mpaka mlangoni kwa mtoto, akasimama, akangoja macho yafunguke yenyewe.